Uzoefu wangu: dansi za Cajun na zydeco za jumuiya hapa Houston

Ninahudhuria dansi za Cajun na zydeco, mitindo miwili ya muziki na dansi yenye asili ya Louisiana, Marekani, zinazoandaliwa na kikundi cha watu wa kujitolea katika ukumbi wa jumuiya hapa Houston, Texas, na ninazipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa yeyote anayependa kucheza muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani. Kiingilio hulipwa mlangoni na kinajumuisha somo la hatua kabla bendi haijaanza. Hulazimiki kuja na mwenzi, kwa kuwa wakati wa somo wachezaji hubadilishana kila baada ya muda mfupi, na muziki unapoanza unakuwa umeshashikana mikono na karibu nusu ya ukumbi.

Jiji hili lina haki ya kujivunia zydeco. Wakrioli weusi, yaani watu weusi wenye utamaduni wa Kifaransa kutoka Louisiana, walijenga mtaa wao wa Frenchtown katika eneo la Fifth Ward hapa jijini tangu miaka ya 1920, na baadaye kumbi za parokia za Kikatoliki zikawa mahali pa kuchezea dansi hizo. Kwa hiyo ukumbini utawakuta wazee waliozaliwa ndani ya muziki huu, ambao hucheza kwa utulivu mkubwa, na kuwatazama tu miguuni ni darasa la pili.

Somo lenyewe ni zuri, ingawa linanipa lalamiko langu kubwa. Muziki wa Cajun ni urithi wa wazao wa Waakadia waliozungumza Kifaransa, ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka Nova Scotia, katika Kanada ya leo, mwaka 1755, na wengi wao baadaye wakafika Louisiana. Fidla na akodiani ndogo ya vifungo ndizo zinazoongoza, na wachezaji wa valsi yake huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa. Zydeco, muziki wa Wakrioli weusi ambao mwanamuziki Clifton Chenier aliusambaza duniani kwa akodiani ya kinanda iliyojaa mtindo wa bluzi, huchezwa karibu papo hapo: hatua moja ya polepole, mbili za haraka, magoti yamelegea, uzito umeshuka chini, kichwa hakipandi wala kushuka. Kuzifundisha zote mbili katika somo moja fupi kunawachanganya wageni, na nimewaona wengine wakijaribu kuzunguka ukumbi kwa hatua za zydeco huku wakiwagonga wenzao. Ingefaa kila usiku uwe na somo la mtindo mmoja, kulingana na bendi iliyoalikwa.

Bendi ndiyo sababu inayonirudisha. Sisi tuliokulia kwenye taarab tunaijua akodiani inayolia kwa upole pamoja na fidla; hapa akodiani hiyohiyo inasukuma mapigo kama ngoma. Pembeni yake yupo mpigaji wa bati la mikunjo linaloning'inia mabegani na kufunika kifua, ambalo umbo lake Chenier alimchorea fundi Willie Landry mwaka 1946 huko Port Arthur, Texas. Nilisimama karibu na mmoja wao nikaona jinsi anavyolikwaruza kwa vifungulio vya chupa, mkono mmoja ukiteremka huku mwingine ukipanda, na pale ambapo chuma hugusa kila mara rangi ilikuwa imefifia kabisa. Ukisikiliza bati hilo, miguu yako haitapotea.

Sauti za waimbaji, kwa bahati mbaya, humezwa na spika, na ukikaa nyuma husikii neno hata moja la Kifaransa cha Kikrioli. Maji ya kunywa yapo ya kutosha, watoto wanakaribishwa, na anayekataa kucheza hashurutishwi. Sakafu ni ya mbao, hivyo njoo na viatu vyenye soli laini ya ngozi. Raba hunata unapogeuka na huumiza magoti. Fika kabla ya somo, na bendi ikianza, mwombe mmoja wa wazee wimbo wa kwanza ucheze naye.