Diski pacha nyumbani Chake Chake: uzoefu wangu wa miezi 20

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Pemba. Nafanyia nyumbani, Chake Chake, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta ya mezani ya mtumba na kabati la kuwekea kamera. Miezi 20 iliyopita niliifunga kompyuta hiyo diski mbili zinazohifadhi kitu kimoja, yaani diski pacha. Naandika yaliyonikuta kwa sababu wenzangu wengi kazi zao zote ziko kwenye diski moja ya nje iliyotupwa mkobani, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kabla ya hapo alinijia bibi mmoja wa Wete niliyempigia harusi yake miaka miwili nyuma. Baba yake alikuwa amefariki karibuni. Kwetu nikaha hufungwa msikitini, wanaume watupu, na bi harusi yuko nyumbani na kungwi wake. Kwa hiyo yeye hakuwapo baba yake alipoushika mkono wa bwana harusi na kutamka kumuozesha. Alikuja kuyaona hayo kwenye video, na flashi niliyompa ilikuwa imeharibika. "Kaka, ile ya msikitini tu yanitosha," aliniambia. Nikachomeka diski. Ikalia ka, ka, ka, kama mjusi darini, ikanyamaza, ikaanza tena. Haikufunguka.

Niliivusha bahari hadi Unguja nikawaonesha mafundi wawili. Wa kwanza aliitazama akanirudishia. Wa pili aliisikiliza kwa sikio, kaiweka karibu kabisa na shavu lake, akasema kichwa cha kusomea kimekufa. "Sheikh, hapana njia?" nikamuuliza. "Ipo, lakini si hapa. Inataka ifunguliwe kwenye chumba kisicho na vumbi, kichwa kibadilishwe. Na usimruhusu mtu akufungulie mezani, ataimaliza." Nikarudi nayo, nikamwambia yule bibi ukweli. Alinyamaza, akaniaga. Wiki ile ile nikaanza kuulizia nifanye nini.

Nilichokiona kinanifaa ni hiki: unafunga diski mbili ndani ya kompyuta, na kila unachohifadhi kinaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Wewe unaona diski moja tu. Ikifa mojawapo, nyingine ina kila kitu, na kompyuta inaendelea na kazi kama kawaida. Kitaalamu huitwa RAID 1. Jina la RAID limetokana na andiko la 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hoja yao ilinigusa. Walisema diski nyingi za bei ndogo zikipangwa pamoja zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya gharama. Mimi diski isiyokufa sitaipata, maana haipo duniani. Mbili za kawaida naziweza.

Nilinunua mbili za terabaiti 4 kila moja, za kampuni mbili tofauti, kwa makusudi. Diski zilizotoka kiwandani siku moja, zikafanya kazi sawa kwenye joto moja, zinaweza pia kuchoka pamoja, na hapo upacha haukusaidii kitu. Jambo jingine la kumuuliza muuzaji ni namna diski inavyoandika. Kuna zile ambazo mistari yake ya data hupandiana kama makuti ya paa, huu juu ya ule, ili ziingie data nyingi kwa bei ndogo. Kwa kuweka filamu za kutazama hazina ubaya, ila ukiziandika mfululizo kwa saa nyingi hupungua kasi sana, na kuijaza upya diski pacha ni kuandika mfululizo kwa saa nyingi. Niliziepuka. Diski hizo mbili na UPS ndogo, yaani betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, vilinila malipo ya harusi tatu, na kwa mtu anayesubiri msimu wa karafuu umalizike ndipo harusi zifunguke, hizo si pesa ndogo.

UPS sikuinunua kwa anasa. Kabla waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haujafika mwaka 2010, Pemba ilikuwa ikiendeshwa kwa jenereta za Wesha, na waliokuwapo wanajua tulivyoishi. Sasa hali ni bora kwa mbali, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski pacha moja inaweza kuwa imeshapokea na nyingine bado. Mfumo huzilinganisha tena umeme ukirudi, ni kweli, ila kwa nini uzitie tabu hiyo? Yangu inanipa dakika kama kumi, nazo zanitosha kuzima taratibu.

Kuhusu programu, nilitazama njia tatu. Ubao wa kompyuta yangu una uwezo wa kufanya upacha wenyewe kutoka kwenye BIOS, yaani mipangilio yake ya ndani kabla mfumo haujawaka. Nikaukataa, kwa sababu ubao ukifa huenda ukalazimika kutafuta ubao wa aina ile ile ili diski zako zisomeke, na hapa kisiwani utautafuta wapi? Windows nayo ina Storage Spaces, iliyoanza na Windows 8, na jamaa yangu wa Mwanakwerekwe anaitumia miaka sasa na ameridhika. Kwa asiyependa kuandika amri hiyo ndiyo njia, maana kila kitu ni kubofya. Mimi nilichagua Linux, mfumo wa kompyuta usiokuwa Windows, na mdadm, programu yake ya kusimamia diski pacha, kwa sababu moja kubwa: naweza kuichomoa diski moja, nikaitia kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux, na data ikasomeka.

Kufunga kwenyewe kulichukua jioni moja. Hatua iliyonitoa jasho ni ile ya kujua diski ipi ni ipi. Kompyuta inaziita sdb na sdc, na majina hayo yanaweza kubadilika ukibadilisha waya. Kwa hiyo kabla sijazifunga kwa skrubu nilinakili namba ya kila moja kutoka kwenye lebo yake, nikaiandika kwa kalamu nzito juu ya plasta nyeupe, nikaibandika pembeni inakoonekana mfuniko ukifunguliwa. Fanya hivyo. Siku moja itakufa, nawe utakuwa na haraka, na ukichomoa nzima badala ya mbovu umejiharibia mwenyewe.

La pili, sikutumia diski nzima. Nilitenga sehemu moja kwenye kila diski nikaacha kama megabaiti mia mwishoni bila kutumika. Sababu yake ni kuwa terabaiti 4 za kampuni hii na terabaiti 4 za kampuni ile zinaweza zisilingane sawasawa, na diski ya kubadilishia ikipungua hata kidogo mfumo unaikataa. Baada ya hapo amri ya kuziunganisha ni moja tu:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

Ikaanza kuzilinganisha. Ilichukua muda wa saa nane, na katikati, saa tano usiku, umeme ulikatika. Nikazima kwa utaratibu, nikalala. Alfajiri uliporudi nikawasha, ikaendelea pale ilipoachia. Ukifungua faili la /proc/mdstat utaona alama [UU], maana yake zote mbili ziko hai. Kukiwa na [U_] au [_U], moja imetoka.

Kwa kasi usitarajie miujiza. Kuandika kunakwenda kwa mwendo wa diski ile nzito zaidi, na kusoma video moja ndefu ni kama kwenye diski moja tu. Mimi nahariri kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kazi ikimalizika ndipo naihamishia kwenye pacha.

Mwezi wa kumi na nne moja ikafa. Na hapa ndipo penye kasoro kubwa ya mpango wangu, nami naisema wazi ili wengine wasiirudie. Ilikufa, nami sikujua. Kompyuta ilifanya kazi vizuri, video zilifunguka, hakuna kilichonishtua. Nilikuja kufungua ile faili ya hali kwa jambo jingine kabisa nikakuta [U_]. Nikatazama kumbukumbu za mfumo: diski ilikuwa imetolewa siku 11 nyuma. Siku 11 zote kazi za watu, na mle mlikuwa na harusi sita ambazo sijazikabidhi, zilikuwa zimesimama kwa mguu mmoja. Mikono ilinitetemeka.

mdadm ina uwezo wa kutuma taarifa kwa barua pepe diski ikitoka, ila kompyuta za nyumbani nyingi hazikupangiwa kutuma barua, na taarifa haifiki popote. Sasa nimeandika kiprogramu kifupi kinachosoma hali kila ninapowasha, na kikiona alama ya chini badala ya U kinaweka ujumbe mwekundu skrini nzima. Tena kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini naifungua faili ile na kuitazama kwa macho yangu. Diski pacha bila kitu cha kukuamsha hufa kimya kimya, na unabaki na diski moja huku moyoni unajua una mbili.

Baada ya hapo ndipo nilipoona thamani yake hasa kwa mtu wa kisiwani. Chake Chake nzima sikupata diski ya ukubwa ule. Ikabidi mtu aninunulie Kariakoo, ivuke kuja Unguja, kisha Unguja hadi Mkoani. Ulikuwa wakati wa kusi, bahari imechafuka. Ilinifikia siku ya tisa. Kwa mtu wa mji mkubwa anayetoka dukani na diski ndani ya saa moja, upacha ni raha ya ziada. Kwangu mimi, zile siku tisa nilihariri, nilikabidhi harusi mbili, na hakuna mteja aliyejua kama kuna kilichoharibika. Kazi mpya kila usiku niliinakili pia kwenye diski ya nje, kwa sababu kila saa ya kutegemea diski moja nilikuwa naisikia.

Kubadilisha kulikuwa kwepesi. Nilizima, nikasoma plasta, nikachomoa ile yenye namba mbovu, nikatia mpya, nikatenga sehemu yenye ukubwa ule ule, kisha amri ya mdadm ya kuongeza diski, --add. Saa nane nyingine, [UU].

Halafu kuna lile ambalo upacha hauwezi, na watu wengi hapa huchanganya. Mdogo wangu hunisaidia kupanga mafaili. Siku moja aliliona folda la harusi ya Mkoani lenye jina karibu sawa na jingine, akadhani limerudiwa, akalifuta. Diski zote mbili zikalifuta papo hapo, kwa uaminifu ule ule zinaohifadhia. Upacha unakulinda na kifo cha diski. Haukulindi na mkono wa mtu, wala virusi, wala mwizi, wala moto. Nakala ya akiba ni kitu kingine, na lazima ikae mbali na kompyuta.

Yangu ilikuwa Wete, kwa mama. Ni diski ya nje, iko kwenye bati la biskuti pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, juu ya kabati lake la nguo. Kila mwisho wa mwezi naichukua, naijaza mapya, naipeleka tena kwa gari ya Wete nikiwa naenda kumsalimu. Siku ile nilimpigia simu. "Mama, lile bati langu lipo?" "Lipo, mwanangu, hapana aliyeligusa." Nikaenda mchana ule ule. Folda lilikuwamo lote, mpaka picha za samra.

Kwa anayetaka kuanza na pesa hazitoshi vyote, maoni yangu ni haya: anza na nakala ya mbali, ile ya kwa mama, upacha ufuate baadaye. Kama kazi za watu ziko mikononi mwako na vifaa vinakufikia kwa boti, basi usicheleweshe na upacha. UPS nayo iangalie, betri yake haidumu milele. Na ukitumia Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, usishtuke Jumapili ya kwanza ya mwezi kompyuta ikiwa nzito: mfumo unazisoma diski zote mbili mwanzo hadi mwisho kuona kama zinalingana. Uache umalize.

Ile diski iliyolia ka ka ka bado ninayo. Sikuifungua, na sikumpa mtu aifungue. Imo kwenye bati jingine, na juu yake nimebandika plasta yenye jina la bi harusi na tarehe ya nikaha. Nakusanya pesa niipeleke nje, kunako chumba kisicho na vumbi alichonieleza yule fundi. Mwezi uliopita nilimpigia yule bibi kumwambia nia yangu, na kwamba siwezi kumuahidi kitu. Akasema, "Hata sauti tu, kaka. Hata kama picha hazitoki."