Sigil na diwani ya mjomba: uzoefu wangu

Kama kitabu chako pepe ni hadithi tupu, huenda usiihitaji Sigil, programu ya kuhariri vitabu pepe. Calibre, programu nyingine ya vitabu pepe, itakugeuzia faili na mambo yakaisha. Mimi shida yangu ilikuwa mashairi. Mjomba wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ana diwani aliyochapiwa steshenari, na mchapaji alitenganisha ukwapi na utao (nusu mbili za mshororo) kwa kubonyeza spesi mfululizo. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye simu ni balaa: neno moja linabaki linaning'inia peke yake, na ubeti wa mishororo minne unaonekana una saba.

Sigil ni ya bure, inahariri EPUB (aina ya faili la kitabu pepe) kwenye Windows, Mac au Linux (ya simu hakuna, usihangaike kutafuta). EPUB yenyewe ni faili la zipu tu, ndani mna kurasa za XHTML (maandishi yenye tagi, yaani alama za mabano kama za kurasa za wavuti) na faili la CSS linaloamua mwonekano. Nilihifadhi kazi ya Word kama HTML nikaifungulia humo, uchafu wote ukajitokeza: kila mshororo umebeba `MsoNormal`, jina la mtindo linalobandikwa na Word, katikati msururu wa `&#160;`, yaani nafasi zisizokatika. Kioo kikiwa chembamba, mstari unakatikia pasipotakiwa.

Raha ipo kwenye kutafuta na kubadilisha kwa regex, yaani kutafuta kwa mpangilio wa herufi badala ya neno moja. Unaandika `(&#160;)+`, unaweka nafasi moja badala yake, diwani nzima inasafika. Kisha `MsoNormal` nikaigeuza `mshororo`, isipokuwa kwenye utangulizi, na katika CSS nikaandika:

`.mshororo { padding-left: 1.5em; text-indent: -1.5em; }`

Sasa mshororo ukizidi upana wa simu, kipande kinachoshuka kinaingia ndani kidogo, msomaji anajua ni mwendelezo. Mjomba alikiangalia, akahesabu mizani kwa vidole, akasema, "Haya, hili sasa ni shairi."

Ubaya? Tangu toleo la 1.0 huwezi tena kuandika moja kwa moja kwenye ukurasa kama msomaji atakavyouona, unahariri tagi tu. Kwa hilo unashusha PageEdit, programu ya pembeni. Anayeogopa tagi atateseka. Na ukibadilisha kwenye mafaili yote kwa mpigo, usitegemee kurudi nyuma, kwa hiyo weka nakala kwanza. Kitufe cha F7, cha kukagua makosa, nacho ni mkombozi, tagi isiyofungwa inakupeleka hadi mstari wenyewe.

Nyota nne. Ya tano wameikosa kwa hiyo PageEdit.