Chakula halisi cha Kichina ukiwa Egerton: wapi pa kutia pesa yako

Kwenye vibanda vya Njokerio, hatua chache nje ya Chuo Kikuu cha Egerton, "Chinese" ni tambi zilizokaangwa kwa karoti, hoho na kijiko cha Royco. Sina ugomvi nazo, zimenivusha mitihani mingi. Ila mwenzangu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Nanjing alionjeshwa, akatafuna kwa adabu, kisha akauliza, "Na hiki wanakiitaje?"

Tangu siku hiyo nimetafuta chakula chenyewe kutoka Njoro mpaka Nakuru mjini, na zipo njia nne. Nimezipanga kwa mfuko wa mwanafunzi: kwanza uhalisi, halafu bei. Mwenye mshahara anaweza kubadilisha ya kwanza na ya pili, simkatazi.

Nafasi ya kwanza: meko yako

Najua ulitarajia jina la mgahawa. Lakini chakula anachopika Mchina nyumbani kwake siku ya Jumanne hakina bata wala joka. Mara nyingi ni mayai na nyanya, au viazi, na hivyo vyote viko soko la Njoro.

Anza na viazi vya siki, ambavyo kwao huitwa suanla tudousi. Chukua viazi viwili vikubwa, menya, kata vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti. Osha mara tatu mpaka maji yawe safi, wanga uondoke. Hapa usipitwe: Shangi, kiazi kinachojaa masoko yetu, huiva upesi na kupondeka, kwa hiyo usipokiosha utapata uji. Pasha mafuta kwenye karai mpaka yaanze kufuka moshi, tupa pilipili kavu na kitunguu saumu, halafu viazi. Geuza dakika mbili au tatu, mwagia kijiko kimoja cha siki, chumvi, epua. Vinatakiwa vilie mdomoni, kru kru. Mwenzangu wa chumba alivirudisha motoni mara mbili akidai havijaiva, na mara zote mbili akaviharibu.

Mayai na nyanya ni rahisi zaidi. Kaanga mayai yakiwa bado laini, yatoe. Pika nyanya zilizoiva sana kwa chumvi na sukari kidogo mpaka zitoe mchuzi, rudisha mayai, nyunyizia kitunguu cha majani, mimina juu ya wali. Sukari ndiyo inayowashtua watu wa kwetu. Itie tu.

Pesa itakayokutoka ni ya chupa na vifuko, na hapo ndipo uangalizi unahitajika. Sosi ya soya ya kweli huchachushwa, na kibandiko chake hutaja maharage ya soya, ngano, maji na chumvi. Ukiona rangi ya karameli na protini ya mimea iliyovunjwa kwa asidi ndizo zinazoongoza orodha, rudisha chupa kwenye rafu. Zipo aina mbili: nyepesi ya kutia chumvi, na nzito ya kutia rangi. Ukiwa na pesa ya chupa moja, nunua nyepesi.

Cha pili ni huajiao, pilipili ya Sichuan, jimbo la Uchina. Jina linadanganya, kwa kuwa si pilipili manga wala pilipili kali. Ni maganda makavu ya tunda la mti wa jamii ya michungwa, nayo haichomi bali huufanya ulimi ufe ganzi na kutekenywa. Cha tatu ni doubanjiang, maharage mapana na pilipili vilivyochachushwa pamoja. Inayosifika zaidi hutoka Pixian, huko huko Sichuan. Hivi viwili mimi huviagiza kwenye maduka ya Wachina ya Kilimani, Nairobi, vikaja kwa matatu kama mzigo. Tukichanga wanne, gharama haiumi, na mtungi mmoja wa doubanjiang hutosha muhula mzima kwa sababu kijiko kimoja kinabeba sufuria.

Nafasi ya pili: mgahawa ambao Wachina wenyewe wanakula

Huu uko mjini, si Njoro. Kuna zaidi ya kilomita 20 za matatu, kwa hiyo hesabu nauli ya kwenda na kurudi kabla hujaanza kusifu bei. Sitakupa jina, maana wapishi huhama na jina likabaki ukutani. Nitakupa dalili.

Taa nyekundu si dalili. Joka la dhahabu mlangoni pia si dalili, hilo linauzwa kwa yeyote. Pita Jumapili mchana uone nani wameketi. Kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit imeleta wahandisi na mafundi wa Kichina huku kwetu, na mtu aliyekula kambini wiki nzima hasafiri siku ya mapumziko kwenda kula tambi za ketchapu. Ukiona meza ya mviringo yenye kioo kinachozunguka, na watu wanapiga kelele kwa furaha, ingia.

Kisha soma menyu. Iwe na maandishi ya Kichina, na iwe na vitu ambavyo mgeni haagizi: matango yaliyopondwa na kitunguu saumu, miguu ya kuku, matumbo, samaki mzima na kichwa chake. Mla matumbo wa Nakuru ana bahati hapa, kwani hatakuwa na woga. Ukikuta "chop suey" juu kabisa ya orodha, jua umeandaliwa menyu ya wageni, maana sifa yake ilijengwa Marekani. Lakini usiikejeli nyama ya sukari na siki. Hiyo ni ya Kikantoni kweli, ya kusini mwa Uchina, ikipikwa vizuri.

Swali moja linatosha kumpima mpishi, kuhusu mapo tofu, yaani tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) kwenye mchuzi wa pilipili: "Mapo tofu yenu ina huajiao?" Mhudumu akikwambia "inaweza kuwekwa tomato sosi ukipenda," shukuru, ondoka.

Sasa kuagiza, ambako ndiko wengi tunapoteza pesa. Mara yangu ya kwanza tulikuwa wanne, na kila mmoja akaagiza sahani yake kana kwamba tuko kwa nyama choma. Zote nne zikawa nyama. Zikaja moja moja, kubwa kama sinia, na bili ikatunyamazisha mpaka Njoro. Chakula hiki huwekwa katikati. Watu wanne waagize sahani tatu na wali: moja ya nyama, moja ya mboga, moja ya tofu au mayai. Usishangae sahani ya nyama ikipita shilingi 1,000, na uulize mapema kama bei ya menyu imejumuisha VAT. Asilimia 16 juu ya sahani tatu ni nauli ya mtu.

Usiyekula nguruwe, uliza kila sahani, hata ya mboga, kwa sababu mafuta yake hutumika kukaangia. Mapo tofu kwa asili hutiwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, ila wapishi wengi hutia nguruwe. Tambi za Lanzhou, zile za kuvutwa kwa mikono, ni chakula cha Waislamu wa Kihui. Ukizipata, ndizo za kuulizia kwanza.

Nafasi ya tatu: "Chinese" ya migahawa ya Kihindi

Manchurian, tambi za Hakka, koliflawa nyekundu yenye pilipili. Ni tamu, mara nyingi hazina nyama, na zina historia yake, kwani Wachina wa Kihakka walihamia Kolkata na mapishi yao yakakutana na viungo vya huko. Kula kama chakula cha Kihindi na hutalalamika. Ukilipia kama cha Kichina, umepigwa.

Nafasi ya nne: Indomie na kibanda

Indomie ni ya Indonesia. Tumalize hapo.

Kuna mlango mwingine ambao hauwezi kupangwa kwa sababu haununuliwi. Egerton ina Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha na utamaduni wa Kichina, iliyoundwa pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Si mkahawa, usiende na njaa yako hadharani. Lakini walimu wake wanajua ni mpishi gani amehama na yupi amefika, na ukisoma lugha kwao utakuwa karibu mwaka mpya wa Kichina unapoingia, kati ya 21 Januari na 20 Februari. Huo ni msimu wa jiaozi, maandazi madogo ya kuchemshwa yenye nyama na kabichi ndani, na anayezikunja ndiye anayekula. Za kwangu za kwanza zilipasuka zote majini. Nilipewa bakuli la supu.

Ukienda mjini, omba wali uliobaki ufungiwe hata kama nyama imekwisha. Wali ukilala usiku kucha punje huachana, na asubuhi, kwa yai moja, kitunguu cha majani na tone la sosi nyepesi, una wali wa kukaanga ambao ule wa moto wa jana usingeweza kuutoa.