Twisters: nimeiangalia kwa jicho la dereva wa watalii

Muvi za majanga sio ugonjwa wangu. Ukishaona ghorofa moja linadondoka umeyaona yote, na hii Twisters nisingeenda kuiona kama sio mama Glory, aliona tangazo lake kwenye simu akaniambia baba Glory wewe kila siku uko porini na wageni, ukirudi unashinda umelala kama chatu aliyemeza mbuzi, leo nitoe. Hiyo ni mwezi wa saba 2024, muvi ndo imetoka, mimi nimeshusha wageni KIA asubuhi na keshokutwa nina wengine. Nikasema haya twende, nitalala hukohuko.

Sikulala. Na tokea siku hiyo nimeirudia nyumbani kwenye flashi mara mbili, mara ya mwisho ilikuwa masika, mvua ya Moshono inapiga bati mpaka huwezi kujua ngurumo ipi ni ya muvi na ipi ni ya nje, kwa hiyo hapa siandiki vya kuhadithiwa.

Ukumbi niumalize haraka. Viti safi, AC wameweka kama wanahifadhi samaki, af spika ya kushoto ilikuwa inakoroma. Mimi kwa muda mrefu nadhani ni radi ya kwenye muvi, namsifia kabisa fundi wa sauti moyoni, mpaka ikafika sehemu watu wako nyumbani wanaongea taratibu, nje hakuna hata wingu, na radi bado inaendelea upande wa kushoto. Tukamwambia kijana wa mlangoni akasema ataangalia. Anaangalia mpaka leo.

Sasa muvi yenyewe, na hapa kuna spoila, kama hujaiona shauri yako. Kate Carter ni binti wa Oklahoma, anaigizwa na Daisy Edgar-Jones ambaye ni Mwingereza ila huwezi kujua. Anaanza akiwa mwanafunzi, yeye na wenzake wana dawa yao ya kukiua kimbunga, wanakifuata, wanakuta ni kikubwa kuliko walivyopiga hesabu, watatu wanakufa na mmoja wao ni mpenzi wake. Miaka mitano baadaye yuko New York anafanya kazi ya hali ya hewa ofisini, ameacha kabisa mambo ya kukimbizana na mawingu, ndo anakuja Javi, yule mwenzake aliyepona, anamwomba wiki moja tu arudi nyumbani amsaidie. Kufika huko wanakutana na Tyler Owens, huyu ni Glen Powell, mtoto wa Arkansas anarusha vimbunga vyake YouTube, ana kofia, ana meno, anauza tisheti zenye sura yake mwenyewe.

Na hapo ndo usingizi uliponiruka, maana hawa jamaa ni sisi! Kuna kundi la Javi, mashati ya sare, kompyuta, rada tatu wanataka kuzipanga kuzunguka kimbunga wapate picha yake yote, af kuna kundi la Tyler lenye magari ya kuungaunga, muziki juu, fataki wanazirusha ndani ya kimbunga kwa raha zao. Wote wanasikilizia redio, wote wanavizia. Sasa mtu asiyefanya kazi yetu hajui, ila nenda Kogatende, kule kaskazini mwa Serengeti, mwezi wa saba nyumbu wakianza kujikusanya pembeni ya Mto Mara. Magari yanakaa mbali kimya nyuma ya vichaka, kila dereva anajifanya hana habari anakula lanchi boksi yake, mpaka nyumbu wa kwanza aingie majini. Akishaingia tu, baba, injini zote kwa pamoja, ni vumbi, ni kuchomekeana, mgeni alikuwa anakunywa juisi inamwagikia kifuani. Kuna kampuni zina gari mpya na sare zimepigwa pasi, na kuna machalii wa kuokoteza wana kruza ya zamani ila wanajua kila kichaka, na wenye sare hawawapendi. Nilivyoona yale magari ya Oklahoma yanakimbizana nikamwambia mama Glory ona, ile ni Seronera, katikati ya Serengeti, redio za madereva zikishasema kuna chui juu ya mti. Akanikanyaga nikae kimya.

Kitu kingine kilichonishika ni jinsi Kate anavyosoma anga. Wenzake wako kwenye skrini, yeye anachuma ua la porini lenye mbegu za manyoya, anaziachia zipepee, anaangalia upepo unakwenda wapi, anasema hili wingu halitatoa kitu, twendeni lile. Watu ukumbini nyuma yangu walicheka wakaona uchawi. Mimi sikucheka. Ndo kazi ilivyo. Unaangalia tumbusi wamekaa juu ya mti hawashuki, unajua simba bado yuko kwenye mzoga. Swala wote wamegeuza shingo upande mmoja, huhitaji redio.

Gari la Tyler sasa. Aisee. Ni pikapu kubwa ina keekee mbili, akifika mahali kimbunga kinapita anabonyeza, zinazama ardhini kama unavyopigilia kigingi cha hema, gari halipeperushwi. Nimelitafakari lile gari wiki nzima. Ila hapohapo na mimi nina maswali ya kifundi, maana mvua imenyesha, mawe ya barafu yameshuka, barabara ni ya udongo mwekundu uleule kama wa Karatu, na hakuna hata gari moja linakwama! Hata moja! Karatu mvua ya nusu saa unashuka unavua viatu unasukuma. Na wanakata tu kwenye majani na mashamba ya watu wanavyotaka, sisi ukitoka nje ya barabara hifadhini mita kumi askari anakusubiri na faini yake. Af vioo. Mabati na magogo yanaruka lakini kioo cha mbele kinapona mpaka pale mwandishi wa stori anapotaka kivunjike.

Ile dawa ya kuua kimbunga ndo ilizua mjadala nyumbani kwetu. Kate anapakia mapipa ya unga fulani unaonyonya maji, ule uleule unaowekwa ndani ya pampasi za watoto, anataka kimbunga kiuvute juu uunyonye unyevu kikose nguvu. Mama Glory akauliza kwa sauti, kwa hiyo wanakivalisha kimbunga pampasi? Safu nzima ikacheka. Baadaye wanaongeza na ile kemikali yenye madini ya fedha, na hiyo kweli ipo, inatumika kwenye mawingu kuchokoza mvua inyeshe. Lakini kuua kimbunga kizima kwa mapipa ya pikapu, hapana, wingu linalokibeba lile ni la makilomita, ni sawa na kukausha Ziwa Manyara kwa taulo.

Hapa niseme kidogo kuhusu hili neno kimbunga maana linachanganya. Wiki chache kabla, mwezi wa tano, tulikuwa tumetoka kutangaziwa Kimbunga Hidaya kinaelekea Mafia, kwa hiyo dada mmoja pembeni yetu akawa anauliza mbona hiki hakitoki baharini. Ni vitu viwili tofauti. Cha Hidaya kinazaliwa baharini, kinakuwa na upana wa mamia ya kilomita na kinatembea siku kadhaa. Hiki cha Oklahoma kinashuka kutoka kwenye wingu la radi linalozunguka, kinaweza kuishi dakika kumi tu kikafa, ila zile dakika zake ni balaa. Huko kwao hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico inakutana na hewa kavu ya magharibi na upepo mkali wa baridi wa juu, ndo maana Marekani wanahesabu zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Na sio kile kisulisuli chetu cha Makuyuni au Longido kinachoinua vumbi na mifuko ya nailoni, kile kinaanzia chini kwenye ardhi iliyochemka na jua, juu hakuna wingu lolote. Bibi yangu Moshi alikuwa anasema ni shetani anapita, tufumbe macho. Nilivyoona vya kwenye muvi nikaona bibi alikuwa anatia chumvi, kumbe shetani mwenyewe anaishi Oklahoma.

Wale wa zamani mtakumbuka ile ya kwanza ya 1996, Twister bila s, ya Helen Hunt na Bill Paxton. Mimi niliionea kibandani Majengo pale Moshi, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri anapiga kelele juu ya filamu, ng'ombe alivyopita angani akasema huyo ni wa Mmachame mmoja, kakata kamba. Kwa kweli hapo hii mpya imeshindwa. Nilikaa saa mbili nasubiri ng'ombe wangu sikumuona. Picha za kompyuta ni nzuri mara mia, ile sehemu wanajificha kwenye bwawa la kuogelea lisilo na maji wameshikilia mabomba usiku, nilishika mkono wa kiti mpaka vidole vikafa ganzi, lakini watu wa kundi la 1996 ulikuwa unawajua mmojammoja kama wa mtaani kwako. Hawa wapya ukiniuliza majina nakutajia watatu.

Kilichoniuma ni kitu kimoja hakijaongelewa sana. Javi pesa za marada yake anapewa na bwana mmoja mnunuzi wa ardhi, na yule bwana kazi yake ni kufika mahali kimbunga kimeshapita, watu wamesimama kwenye vifusi hawajui watalala wapi, anawanunulia viwanja kwa bei ya kutupa. Nikakaa sawa kwenye kiti. Hiyo sasa ni stori, nani hapa Arusha hamjui dalali anayejua umefiwa kabla ya ndugu zako? Nikategemea muvi itamshika huyo mtu. Wapi. Wanaligusa, Javi anapata aibu, anaacha kazi, tumerudi kwenye kukimbiza mawingu. Na mabadiliko ya tabianchi hayatajwi hata kwa bahati mbaya, wanasema tu vimbunga vinaongezeka basi, wakati sisi huku hata masika hatujui tena yanaanza lini.

Ila kuna dakika chache walitulia. Mji umelala chini, kundi la Tyler, hawa wahuni wa tisheti, wanagawa chakula na maji, na unakuta kumbe hela za tisheti ndo zinafanya hiyo kazi. Watu wanachambua mbao wanatafuta vitu vyao. Mama Glory ana ndugu Katesh, ile Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang alienda kule siku nne. Hakusema chochote, alitoa tu leso. Mwongozaji, Lee Isaac Chung, amekulia Arkansas jirani kabisa na Oklahoma, na naona ndo maana hizo sehemu hazijakaa kiigizaji.

Mwaka huu nilikuwa na wageni mume na mke wanatokea Oklahoma, nikawauliza Ngorongoro tukiwa tunapanda kutoka kreta. Mzee akasema mwisho wa muvi kimbunga kinaelekea El Reno, na El Reno ni mji wa kweli, tarehe 31 Mei 2013 kilipita karibu na hapo kimbunga chenye upana wa kilomita 4.2, hakijawahi kupimwa kipana zaidi ya hicho. Kiliua watafiti watatu waliokuwa wanakifuata, Tim Samaras, mwanae Paul na mwenzao Carl Young, watu makini wa vipimo sio wa fataki. Walikuwa kwenye gari ndogo ya saluni. Nilivyosikia hiyo ya saluni nilinyamaza mpaka getini.

Maksi zangu 7 kwa 10, na kama unaiangalia kwenye simu toa tatu, maana muvi hii nusu yake ni sauti. Wapenda mapenzi mjiandae, mwisho ni eapoti, Kate na Tyler wametazamana, ukumbi mzima tunangoja, machalii wa nyuma wanapiga kelele mbusu, mbusu bwana, na hakuna busu. Taa zikawaka. Watu walitoka wanalalamika kama wamedhulumiwa chenji.

Tukachukua bajaji kurudi. Mama Glory kimya mpaka karibu na Kijenge, af akaniuliza, baba Glory, na wewe redio ikilia huko porini unaendeshaga vile? Nikamwambia aa wapi, mimi natembea taratibu, gari la watu, roho za watu. Akaangalia nje kidogo.

"Na ile springi ya mwezi wa pili ulisema ilivunjwa na nini vile?"