Bati la alizinki geji 28 kwa nyumba za pwani ya Mtwara na Lindi

Fedha za korosho zikiingia, maduka ya vifaa vya ujenzi hujaa watu wanaotaka kuezeka upya kabla mvua hazijakolea. Wengi huondoka na bati la zinki geji 30 (geji ni kipimo cha unene; namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi) kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa nyumba ya Masasi, Newala au Nachingwea, hatuna ubishi nalo. Kwa Shangani, Mikindani au Lindi mjini karibu na maji, ongeza fedha uchukue alizinki geji 28, maana chumvi inayoletwa na upepo wa baharini huila zinki tupu haraka. Kipako cha alizinki ni alumini asilimia 55, zinki kama 43, na silikoni kidogo. Alumini ndiyo inayochelewesha kutu.

Lakini kwanza hakikisha paa lako limekwisha kweli. Panda darini saa sita mchana, jua likiwa kali, utazame mwanga unapopenya. Ukipenya kwenye misumari tu, tatizo ni mpira wa msumari uliokauka au msumari uliolegea: badilisha misumari, bati liache. Vitundu vikiwa katikati ya bati, hapo limeshatoboka. Kisha shuka ukague sehemu ya bati inayotokeza nje ya ukuta, upande wa chini. Mvua haioshi pale, chumvi hukaa, na kutu huanza mapema kuliko juu. Unga mweupe maana yake zinki bado inapigana. Kutu ya kahawia inayobanduka magamba, na bati linalobonyea ukilisukuma kwa ncha ya bisibisi, halina dawa. Rangi itaficha tu. Kagua vilevile pale bati moja linapolalia jingine, na chini ya mwembe, ambako majani hushika unyevu.

Chomachoma na papi pia, yaani mbao ambazo bati hupigiliwa. Bisibisi ikizama kirahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na msumari hautashika hata bati liwe jipya. Mabati mabovu yakiwa machache na yako sehemu moja, badilisha hayo tu. Yakiwa yametapakaa paa zima, ezua lote. Kulaza jipya juu ya la zamani hatukubali kabisa: unyevu hunaswa katikati na kutu huhamia kwenye jipya.

Dukani, usitosheke na namba ya geji, kwani viwanda havipimi sawa. Uliza milimita. Geji 28 inayostahili jina hilo iwe karibu 0.35; geji 30 nyingi ni kama 0.25. Muuzaji akisitasita, omba mizani: bati la mita 3, lililotoka kwenye karatasi ya upana wa sentimita 91 kabla ya kukunjwa, litakuwa na karibu kilo 7.5 likiwa la 0.35, na kilo 5.4 likiwa la 0.25. Uliza na kipako: AZ150 ni gramu 150 kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa jumla. Kwa pwani tusingeshuka chini ya hapo. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iwepo.

Alizinki ina udhaifu wake. Saruji mbichi huitafuna, hivyo fundi anayeziba ukuta juu aoshe matone papo hapo. Likatwe kwa mkasi wa bati. Cheche za grenda huchoma kipako, na vumbi lake la chuma huacha madoa ya kutu. Bati lilalie jenzake sentimita 15 kwa urefu, na msumari wenye mpira upigwe mgongoni, si bondeni maji yanapopita. Ukipigwa mno hadi mpira ukapasuka, pale patavuja.

Omba dhamana kwa maandishi kabla ya kulipa, usome kipengele cha bahari, maana nyingi hazihusishi nyumba zilizo karibu na maji ya chumvi.