"Dada, mlete mumeo tuongee": spika niliyouziwa mjini Mwanza

Mara ya pili nilipoirudisha ile spika dukani, yule kaka wala hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa anamenya karanga. Akaitazama spika, akanitazama mimi, akasema, "Dada, spika nzima hii. Mlete mumeo tuongee naye, haya mambo wewe hutayaelewa." Maganda ya karanga yanadondokea risiti yangu pale juu ya meza ya kioo, hata kuisoma hajaisoma.

Sina mume. Na hata ningekuwa naye, hela ile niliichanga mwenyewe kwenye kibubu, na masikio yaliyogundua tatizo ni haya yangu.

Ngoja nieleze vizuri maana nikikasirika naruka mambo. Nina kontrola ya deki mbili, yaani kile kifaa cha DJ cha kuchanganya nyimbo mbili (kumiksi), niliinunua mkononi kwa mtu, nzuri kabisa. Nafanyia mazoezi chumbani kwangu huku Nyegezi nikitoka kazini. Ninachotaka ni kupiga muziki kwenye kichen pati. Bibi harusi akianza kufundwa, mama zake hawataki mwanaume asimame pembeni na hedifoni shingoni anasikiliza. DJ mwanamke anatafutwa, na hapa Mwanza mimi nawajua wachache mno.

Basi nikaenda mjini, upande wa Makoroboi, nikamweleza yule kaka wazi kabisa: nataka spika ya kujifunzia kumiksi nyumbani. Akanitolea moja ndefu, ina magurudumu, ina taa za rangi zinazocheza na muziki. Nikauliza inaunganishwaje na kontrola. "Bluetooth, waya, unavyotaka wewe." Nikamwambia kontrola ninayo kwenye begi, tuijaribu. Akasema hapa ni duka, si ukumbi. Pale pale ningegeuka nikaondoka. Sikuondoka. Nililipa.

Jioni nikaiwasha, nikaiunganisha kwa Bluetooth. Besi ilipiga mpaka bati likaitikia, watoto wa jirani wakaanza kucheza uani. Nikaipenda, nasema kweli. Kisha nikavaa hedifoni sikio moja, nikaingiza wimbo wa pili, kila kitu kikavurugika. Biti zinakanyagana kama watu wanaogombea daladala. Narekebisha kasi, zinazidi kuachana. Nikadhani kosa ni langu. Siku kadhaa nilidhani hivyo, nafanya mazoezi mpaka usiku wa manane, nalala najiona sina kipaji. Nilipoirudisha mara ya kwanza yule kaka alinipa jibu hilo hilo: "Spika haina shida, dada, nenda kajifunze kwanza kupiga." Nikamwamini nikarudi nayo nyumbani kwa bajaji!

Nilikuja kuligundua tatizo siku nilipozima nyimbo zote nikabaki na kitufe cha kyu peke yake, kile kinachopiga wimbo kuanzia pale ulipoweka alama. Nikabonyeza. Kidole kimefika chini, kimya kidogo, ndipo spika ikasema "du". Nikabonyeza tena. Kidole, kimya, du. Kwenye hedifoni sauti inakuja papo hapo.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde kama 100 hadi 300 (milisekunde elfu moja ni sekunde moja), kwa sababu sauti inabanwa, inarushwa, halafu spika inaifungua upya. Ukiwa unasikiliza tu nyimbo zako huwezi kulijua hilo. Lakini piga hesabu. Amapiano inatembea kwenye biti 112 hivi kwa dakika, kwa hiyo kati ya biti na biti kuna milisekunde kama 535. Singeli inafika 200 na kupita, na hapo nafasi ni milisekunde 300 tu. Spika ikichelewa milisekunde 200, theluthi mbili ya biti imeshaondoka. Utaunganisha nini hapo?

Nikaweka waya, nikajua nimepona. Kumbe nimepunguza tu kuchelewa, sijakuondoa. Mzee mmoja fundi redio pale Mlango Mmoja ndiye aliyenieleza: "Mwanangu, hii hata ukichomeka waya, ndani inaigeuza kwanza sauti kuwa dijitali, inaichezea besi, ndipo inaitoa. Haijaharibika. Imetengenezwa hivyo." Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuulizia mume. Hata shilingi hakuchukua.

Kwa hiyo yule kaka alikuwa sahihi, spika ni nzima. Inaniuma kuandika hivyo. Lakini nilimwambia ni ya kumiksi! Nilimwambia kabla sijatoa hela!

Sasa hivi nafanyia mazoezi kwenye spika mbili ndogo za studio, wufa (ile spika ya besi) inchi 5, kila moja na amplifaya yake ndani, nimezipata zikiwa zimetumika. Nimezipandisha usawa wa masikio na kuzisogeza mbali na ukuta, kwa sababu tundu la besi liko nyuma. Ukizibananisha na ukuta besi inavimba, hujui tena ni ya wimbo au ya chumba. Nawasha kontrola kwanza, spika mwisho; kuzima naanza na spika, zisipige ule mshindo unaoumiza twita, kile kispika cha sauti nyembamba. Siku ya kwanza nilibonyeza kyu na sauti ikatoka pale pale chini ya kidole. Nililia. Besi yake ni ndogo, hilo nalikubali, na bati halitikisiki.

Na kweli ile kubwa nilitaka kuiuza. Kisha nikaitwa kwenye kichen pati ng'ambo, Kamanga. Hizi ndogo zingemezwa na uwanja, ikabidi nivuke na ile ile kwa feri, naivuta kwa magurudumu yake kama sanduku. Nikazileta deki zote mbili kwenye hedifoni, nikamiksi humo humo, spika nikaiacha ichelewe inavyotaka. Wageni wao wanasikia spika tu. Giza lilipoingia umeme ukakatika. Spika ina betri, haikunyamaza hata sekunde. Mama wa bibi harusi alivua viatu akacheza kwenye mchanga, besi inakwenda ziwani na kurudi. Usiku ule, kama ungeniuliza, ningekwambia inunue bila kufikiri mara mbili.

Leo nakwambia kwa sherehe inunue. Kwa kujifunzia usiiguse, na popote utakaponunua nenda na kontrola yako, bonyeza kyu ukiwa umesimama pale pale dukani. Wakikataa, ondoka.

Na mwenye duka, kama haya yanakufikia: hela yangu sitaki tena, spika nimebaki nayo. Nataka yule kaka aniombe radhi kwa neno la mume, na kwa zile siku alizonifanya niamini sijui kupiga. Jioni nikitoka kazini napita hapo mlangoni kila siku. Ananijua.