Saa ya kekeo ya Black Forest: nzuri, ila angalia swichi

Saa ya kimekanika ya kekeo kutoka eneo la Black Forest, Ujerumani, ni saa ya ukutani yenye ndege bandia, kekeo, anayechomoza kwenye kimlango na kuita. Huita kwa idadi ya saa inayogonga, na mara moja kila nusu saa. Ukijumlisha ni milio 180 kwa siku, usiku ukiwamo. Usinunue isiyo na swichi ya kumnyamazisha.

Kurudiarudia huku ndiko kulikomponza ndege mwenyewe. Kekeo dume wa Ulaya hukariri noti zake mbili kutwa nzima, na tangu karne ya 16 Waingereza wamekuwa wakimwita mtu mpumbavu kwa jina la ndege huyu, "cuckoo". Shakespeare alilitia tusi hilo kinywani mwa Falstaff, mhusika katika tamthilia zake. Karne ya 20 ilipoanza, huko Marekani jina likatoka kwenye upumbavu likaingia kwenye wazimu. Tabia yake ya kutaga katika viota vya wenzake haihusiki hapa; hiyo ilizaa neno jingine, la mume aliyesalitiwa. Kekeo huyo akipita Afrika Mashariki katika safari zake, kwa kawaida huwa kimya.

Sauti ya saa yenyewe inapendeza mno. Ndani mna filimbi mbili za mbao, kila moja na mvukuto wake. Wa kwanza ukishuka hutoa noti ya juu, wa pili ya chini. Ukisikia noti moja tu, au upepo mtupu, mara nyingi mvukuto umepasuka kwenye mikunjo. Saa za betri hucheza rekodi tu. Cheti cha Verein die Schwarzwalduhr (VdS), chama cha saa za Black Forest, huthibitisha kwamba saa ni ya kimekanika na imetengenezwa hukohuko Black Forest.

Itundike kama meta mbili kutoka sakafuni, minyororo ishuke bila kugusa kitu. Waya au karatasi inayoshika minyororo itolewe saa ikiwa imeshatundikwa. Ukiitoa mapema, mnyororo huchomoka kwenye gurudumu lake. Kisha sikiliza: tik na tak zilingane. Zikichechemea, sogeza sehemu ya chini ya saa kidogo kushoto au kulia, la sivyo itasimama baada ya dakika chache. Ikichelewa, pandisha jani la pendulamu (kipambo kilicho kwenye kijiti kinachobembea chini ya saa), ikiwahi, lishushe.

Ndege asipotoka, tazama kiwaya kinachofunga kimlango chake. Wengi husahau kukigeuza, na mlango ukilazimishwa mashine hukwama.

Aina ya siku moja huvutwa mnyororo kila siku. Vuta ncha isiyo na uzito (kipande kizito kinachoiendesha saa), na uzito wenyewe usiuinue kwa mkono. Swichi nayo usiiguse ndege akiwa nje.